Goma na Bukavu: Nani atalipa ili maji ya choo yasifike ziwani?

Kando ya ziwa Kivu, mjini Goma, asubuhi inaanza na foleni ya bidoni za manjano. Wakati kipindupindu kinapopanda, vijana wanasimama pale wakiwa na sindano mkononi. Kila bidoni inayotoka ziwani inapigwa dawa ya klori kabla ya kupelekwa nyumbani. Mama anayechota maji anajua sababu: kile kinachotoka katika vyoo vya mji kinarudi katika maji yale yale ambayo mji unayanywa.

Bukavu, upande wa pili wa ziwa, kuna milima. Mvua kubwa inapoanza kunyesha juu ya Kadutu, maji yanashuka katikati ya nyumba zilizobanana na kubeba kila kitu. Katika sehemu nyingi shimo la choo likijaa hakuna gari linaloweza kupanda kulifikia, kwa hiyo kuna wanaongoja usiku wa mvua ili walifungue. Uchafu unashuka katika mifereji, unaingia mto Kahuwa, halafu ziwa. Kutoka ziwani, mto Ruzizi unayapeleka maji hadi tambarare ya Uvira na ziwa Tanganyika.

Miji hii miwili, kila mmoja ukiwa na wakaaji karibu milioni moja au zaidi, haina mtambo wa kusafisha maji machafu ya mji. Hata Kinshasa, mji mkuu, haina. Ndiyo maana kila mara swali hili likifika mezani, mtu anataja jibu lile lile: ubia kati ya serikali na kampuni binafsi, ule ambao kwa Kifaransa watu wanauita PPP. Serikali haina pesa, kampuni inazo, kwa hiyo kampuni ijenge.

Lakini miji iliyojaribu njia hiyo, karibu na mbali, inaonyesha kwamba swali la nani atajenga linakuja nyuma. Swali la kwanza ni nani atalipa, kila mwezi, kwa miaka ishirini.

Ubia ni nini hasa?

Sheria ipo. Tarehe 9 Julai 2018, Kongo ilitangaza sheria namba 18/016 kuhusu ubia wa serikali na sekta binafsi. Kabla ya hapo, tarehe 31 Desemba 2015, sheria namba 15/026 kuhusu maji ilifungua mlango kwa wengine kufanya kazi katika sekta ya maji, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa REGIDESO. Na katiba ya 2006, katika kifungu cha 48, inatambua haki ya kupata maji ya kunywa. Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi.

Ubia haumaanishi kuuza mali ya serikali. Kuna namna nyingi. Katika namna ndogo, serikali inajenga mtambo kwa pesa zake au za mkopo, halafu inaajiri kampuni kuuendesha kwa miaka michache. Katika namna kubwa, kampuni inatafuta pesa, inajenga, inaendesha kwa miaka ishirini au ishirini na mitano, na mwishoni inaurudisha mtambo kwa serikali ukiwa bado unafanya kazi. Katika namna zote mbili ardhi na mtambo vinabaki kuwa vya umma, na kampuni inalipwa kwa kazi inayofanya.

Neno la mwisho ndilo zito: inalipwa. Kampuni inayokopa dola milioni mia moja benki haikopi kwa huruma. Benki nayo haitoi pesa kabla ya kuona karatasi inayosema ni nani atakuwa analipa, kiasi gani, na nini kitatokea asipolipa.

Watu wa Kivu wanajua mfano mmoja wa karibu. Bwawa la umeme la Ruzizi III, linalopangwa na Kongo, Rwanda na Burundi, ni ubia wa aina hiyo. Mazungumzo yake yamechukua miaka mingi, na sehemu kubwa ya mazungumzo hayo haikuhusu saruji wala mashine. Ilihusu mikataba ambayo mashirika ya umeme ya nchi tatu, pamoja na SNEL, yanakubali kununua umeme utakaotoka pale. Mnunuzi lazima ajulikane kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Kwa nini maji machafu si kama umeme

Goma imeona kampuni binafsi zikileta umeme: Virunga Energies, SOCODEE, Nuru. Familia inanunua umeme kwanza, kisha inawasha taa. Pesa zikiisha, taa zinazimika. Hesabu ya kampuni ni rahisi kueleweka, hata kama bei inalalamikiwa.

Maji machafu hayana hesabu hiyo. Mtu asipolipia kusafishwa kwa uchafu wake, huwezi kumkatia. Choo chake kitaendelea kujaa, na uchafu utatafuta njia yake. Tena, anayelipa si yeye anayefaidika zaidi. Mtu wa juu ya mlima akitoa uchafu wake vizuri, aliyeokoka na kipindupindu ni jirani wa chini, au mvuvi wa kando ya ziwa, au mtoto wa Uvira ambaye hamjui. Kwa sababu hiyo ni vigumu sana kumwambia mwenye nyumba maskini alipe bei yote peke yake.

Maji ya kunywa yanauzwa, na umeme unauzwa. Usafi wa ziwa hauuzwi kwa bidoni. Ndiyo maana karibu kila mahali duniani ambapo maji machafu yanasafishwa, sehemu ya bei inatoka katika mfuko wa umma: kodi, nyongeza kwenye fakture ya maji, au msaada. Ubia hauondoi hesabu hii. Unaiandika tu katika mkataba.

Jordan: mtambo unaolipwa kwa kila mita ya maji

Mfano unaotajwa mara nyingi na wataalamu uko mbali na Kongo, lakini unaonyesha wazi jinsi ubia unavyofanya kazi. Ni mtambo wa As-Samra, katika nchi ya Jordan, ambao unapokea maji machafu ya mji mkuu Amman na mji wa Zarqa.

Mwaka 1985 Jordan ilichimba pale mabwawa makubwa ambamo maji machafu yalikaa siku nyingi, jua na vijidudu vikayasafisha polepole. Yalipangwa kupokea mita za ujazo 68,000 kwa siku. Mji ukakua, wakimbizi wakafika, maji yakapita kiasi. Harufu ikaenea, na maji yasiyosafishwa vizuri yakashuka katika mto Zarqa hadi bwawa la King Talal, ambalo linamwagilia mashamba ya bonde la Jordan.

Mwaka 2003 serikali ikasaini mkataba wa miaka 25 na kampuni iliyoundwa na Suez ya Ufaransa, kupitia Degrémont, pamoja na Morganti. Mtambo mpya ukaanza kazi mwaka 2008, ukiwa na uwezo wa mita za ujazo 267,000 kwa siku. Ndani yake maji yanapita kwanza kwenye vyuma vinavyozuia mifuko na vitambaa, kisha mchanga unatulia. Baada ya hapo hewa inapulizwa katika mabirika makubwa ili vijidudu vile uchafu uliobaki. Matope yanayobaki yanawekwa katika matangi yaliyofungwa, ambamo yanatoa gesi. Gesi hiyo, pamoja na nguvu ya maji yanayoshuka kutoka Amman, inazalisha karibu asilimia 80 ya umeme ambao mtambo unahitaji.

Sasa hesabu. Ujenzi wa kwanza uligharimu dola milioni 169. Kati ya hizo, dola milioni 78 zilikuwa zawadi ya Marekani kupitia USAID, si mkopo. Serikali ya Jordan iliweka sehemu yake. Benki za kwao, zikiongozwa na Arab Bank, zilikopesha dola milioni 60, na wenye kampuni waliweka pesa zao dola milioni 17. Mtambo ulipoanza kujaa tena, Marekani ilitoa dola nyingine milioni 93 kupitia shirika la MCC, na upanuzi uliomalizika mwaka 2015 ulifikisha uwezo hadi mita za ujazo 364,000 kwa siku.

Kwa hiyo hata katika ubia unaosifiwa kuliko mingi, kampuni iliweka mfukoni mwake dola moja kati ya kumi tu. Karibu nusu ilikuwa zawadi. Na malipo ya kila mwezi hayatoki kwa raia mmoja mmoja kwenda kwa kampuni: wizara ya maji inailipa kampuni kwa kila mita ya ujazo iliyosafishwa. Kampuni haijali kama familia fulani ya Zarqa imelipa fakture yake. Hiyo ni shida ya serikali. Kazi ya kampuni ni kutoa maji yenye usafi uliokubaliwa.

Kuna jambo jingine ambalo Mkongo ataliona haraka. Sarafu ya Jordan imefungwa kwa dola tangu mwaka 1995, kwa hiyo thamani yake haichezi. Kongo, dola moja iliuzwa karibu franga 920 mwaka 2015. Mwaka 2024 ilipita franga 2,800. Mji unaokusanya kodi kwa franga lakini umeahidi kulipa kampuni kwa dola unaweza kujikuta, baada ya miaka tisa, unadaiwa mara tatu ya ile ya mwanzo bila mkaaji hata mmoja kupata huduma zaidi.

Kigali: kiwanda kilichofunga

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Mwaka 2015, mjini Kigali, kampuni iliyoitwa Pivot Works ilifungua kiwanda cha kupokea uchafu wa vyoo. Kigali wakati huo, kama Goma na Bukavu, ilikuwa mji wa mashimo: wakaaji walitumia vyoo vya shimo na makaro, na magari yalinyonya uchafu na kuumwaga nje ya mji.

Wazo lilikuwa zuri. Uchafu wa choo ukikaushwa vizuri unawaka. Kiwanda kiliutoa maji, kikaukausha, kikautengeneza kuwa kuni za viwandani na kuviuzia viwanda vilivyokuwa vinachoma makaa na vitu vingine. Pesa za kuni zingelipa gharama za kusafisha. Serikali isingetoa kitu, mji ungekuwa safi, na kampuni ingepata faida.

Teknolojia ilifanya kazi na wateja walinunua. Lakini kufikia mwisho wa mwaka 2017 kiwanda kilikuwa kimefungwa. Uchafu unaotoka katika shimo la choo, zaidi ya asilimia tisini ni maji. Kuyatoa maji hayo kunakula umeme, mashine na mikono. Mauzo ya kuni yalisaidia, lakini hayakuweza kubeba gharama yote. Ilihitajika pesa ya kudumu kutoka upande wa umma kwa ajili ya kazi ya kusafisha yenyewe, na pesa hiyo haikuwepo kwa kiasi cha kutosha.

Somo hili linagusa Kongo moja kwa moja, kwa sababu ahadi ya aina hii inasikika sana katika semina: uchafu utageuzwa mbolea, utageuzwa gesi, utageuzwa makaa ya kupikia, na mradi utajilipa wenyewe. Mbolea na makaa hayo yanaweza kupunguza bei, kama gesi ya As-Samra inavyopunguza fakture ya umeme. Lakini mji unaosaini mkataba ukitegemea kwamba kinyesi kitalipa kila kitu unajiandalia kiwanda kilichofungwa.

Kampala: kila mtu na sehemu yake

Uganda ilichukua njia nyingine. Kampala ina shirika la serikali la maji, NWSC, na mabomba ya maji machafu yanafikia chini ya mtu mmoja kati ya kumi. Wengine wote wanatumia mashimo na makaro. Badala ya kungoja mabomba yafike kila kilima, mji ulikubali kwamba magari ndiyo mabomba yake.

Mwaka 2014 NWSC ilifungua mtambo wa Lubigi, ambao unaweza kupokea mita za ujazo 5,000 za maji machafu ya mabomba kwa siku, na mita za ujazo 400 za uchafu unaoletwa na magari. Hapo ndipo ubia unapoonekana. Mtambo ni wa umma. Magari ni ya watu binafsi, wenye umoja wao, wanaotafuta wateja wenyewe na kukubaliana bei na mwenye nyumba. Wakifika mlangoni mwa Lubigi wanalipa kiasi fulani na kumwaga.

Dakar, nchini Senegal, ilikwenda hatua zaidi. Shirika la serikali la usafi, ONAS, liliikabidhi kampuni binafsi, Delvic, uendeshaji wa vituo vya kupokea uchafu wa vyoo. Pia lilianzisha namba ya simu ambapo mwenye nyumba anapiga, halafu wenye magari wanashindana kwa kutaja bei. Mteja anapewa bei ya chini, na magari yanajua mahali pa kwenda kumwaga.

Siri ya njia hii iko katika mlango wa kituo. Bei ya kumwaga ikiwa kubwa, au kituo kikiwa mbali sana, dereva atahesabu mafuta yake na kumwaga usiku katika bonde la karibu. Kwa hiyo bei ya mlangoni inatakiwa kuwa ndogo, hata kama haifikii gharama ya kusafisha, na tofauti hiyo mtu mwingine lazima ailipe. Hesabu inarudi pale pale.

Hapa kwetu kungeanzia wapi?

Goma imesimama juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, na lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Kuchimba shimo la choo katika mawe hayo ni kazi ya siku nyingi kwa nyundo na mtarimbo. Kuchimba mtaro wa bomba katika kila avenyu ni gharama ambayo hakuna mji maskini unaweza kuibeba leo. Tena mawe hayo yana nyufa, na kinachomwagwa juu kinashuka chini bila kuchujwa. Bukavu ina udongo, lakini una mteremko mkali na maporomoko, na mji uliopangwa na Wabelgiji kwa wakaaji wachache sasa umejaa hadi kwenye ukingo wa mabonde.

Kwa hiyo mtambo kama wa As-Samra hauwezi kuwa hatua ya kwanza. Hatua ambayo miji hii inaweza kuifikia inafanana zaidi na ya Kampala: kituo kimoja au viwili vya kupokea uchafu wa vyoo, magari madogo yanayoweza kupanda njia nyembamba, na mabwawa ya kutuliza ambayo hayahitaji umeme mwingi. Katika mpango kama huo, kampuni ndogo za hapa hapa zinaweza kuwa washiriki wa ubia, na vijana wanaotoa uchafu kwa mikono usiku, bila glavu na bila heshima, wanaweza kuingizwa katika kazi yenye vifaa na karatasi.

Lakini hata hatua hiyo ndogo inataka majibu kwa maswali manne kabla ya meya au gavana yeyote kushika kalamu.

La kwanza ni mwenye kazi. REGIDESO inashughulika na maji ya kunywa. Ofisi ya OVD inashughulika na barabara na mifereji ya mvua. Komini zinakusanya kodi za soko. Uchafu wa vyoo unabaki katikati, na kila ofisi inaonyesha nyingine kwa kidole. Kampuni haiwezi kusaini na ofisi kumi. Lazima ijulikane ni nani mwenye mtambo, na ni nani atakayeshtakiwa ukisimama.

La pili ni ardhi. Mabwawa ya kutuliza ni rahisi kuendesha lakini yanakula nafasi, na hakuna kartie inayotaka kuwa jirani yake. Kiwanja kikichaguliwa mbali sana, magari hayatafika. Kikichaguliwa karibu bila kuzungumza na wakaaji, mradi utaanza na maandamano.

La tatu ni pesa ya kila mwezi. Nchi nyingi zinaongeza asilimia ndogo juu ya fakture ya maji. Kwetu njia hiyo pekee haitoshi, kwa sababu familia nyingi hazina bomba la REGIDESO. Zinanunua kwa bidoni au zinachota ziwani. Zingewezekana njia nyingine: mchango wa mahoteli na nyumba kubwa za kando ya ziwa, sehemu ya kodi ya nyumba, pesa kutoka bajeti ya jimbo, msaada wa wafadhili kwa ujenzi tu na si kwa mafuta ya magari. Chochote kitakachochaguliwa kiandikwe, kwa jina na kwa kiasi, na kiwekwe katika akaunti ambayo haitumiki kwa kazi nyingine.

La nne ni kipimo. Kampuni ya As-Samra inalipwa kwa maji yaliyosafishwa, si kwa majengo. Mtu asiyekuwa wa kampuni anachukua maji yanayotoka, anayapima, na matokeo ndiyo yanayofungua malipo. Bila maabara inayojitegemea, ubia unageuka ukuta mzuri wenye kibao mlangoni, wakati bomba la nyuma linamwaga ziwani kama zamani.

Vita, na mtu wa kusaini

Kuna kizuizi ambacho hakuna mtaalamu wa maji anayeweza kukiondoa. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo. Mkataba wa miaka ishirini unataka upande wa umma ambao benki zinautambua leo na zitautambua kesho. Katika hali kama hii, kampuni kubwa ya nje haitaleta pesa zake, na wafadhili wengi wanabaki katika misaada ya dharura: klori, mabirika ya plastiki, vyoo vya kambi.

Misaada hiyo inaokoa maisha. Watu wa Goma wa umri mkubwa hawajasahau Julai 1994, wakati kipindupindu na kuhara vilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda kwa wiki chache, watu wakichota maji katika ziwa lile lile na miamba ikikataa hata kaburi na choo. Lakini miaka zaidi ya thelathini imepita, na sindano ya klori bado inarudi kando ya ziwa kila msimu. Dawa hiyo nayo inagharimu, pamoja na vitanda vya hospitali na siku za kazi zinazopotea. Gharama ya kutosafisha tayari inalipwa, na wanaoilipa zaidi ni wale wenye uwezo mdogo zaidi.

Kazi nyingine haihitaji kungoja amani wala kampuni ya Ulaya. Kuandikisha magari na watu wanaotoa uchafu. Kutafuta na kulinda kiwanja kabla hakijauzwa mara tatu. Kujua ni mashimo mangapi yako katika kila kartie na ni mangapi yanafikiwa na gari. Vyuo vikuu vya Bukavu na Goma vina wanafunzi wanaoweza kufanya hesabu hiyo. Mji wenye hesabu hizo mkononi utakaa mezani na kampuni ukijua unanunua nini. Mji usiokuwa nazo utasaini kile ambacho kampuni imeandika.

Na siku mkataba utakapofika, raia wana haki ya kuusoma. Mambo ya kutafuta ndani yake si mengi: kampuni inaweka pesa zake kiasi gani, inalipwa kwa sarafu gani, nani anapima maji, bei kwa mwenye nyumba ni ipi na nani anaweza kuipandisha, na mtambo utarudishwa lini na katika hali gani. Wabunge wa jimbo wanaweza kuuliza maswali hayo. Redio za mitaa pia, na viongozi wa avenyu.

Kwa sasa mvua ikishuka juu ya Kadutu, mto Kahuwa unabadilika rangi na kupeleka ziwani kile ulichopewa. Asubuhi yake, mtoto anateremka na bidoni tupu.